Gherasim Todea, Aliyefungua Barabara za Mabonde Matatu (1951–2024)

Padri Simion, majirani wa Runcu na Pietreni, wenzake marehemu wa karakana ya Câmpu Rece, na ninyi nyote mliopanda mlima huu asubuhi ya leo katika baridi kali, mimi naitwa Sabina, ni mke wa Horea, mwana wa huyu tunayemzika, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea habari za maisha yake kabla jeneza halijatoka uani. Wageni mnaweza kujiuliza kwa nini nisome mimi na asisome mtoto wake wa kumzaa. Wenyeji mnajua sababu, na wageni nitawaeleza nikifika mahali pake, kwa kuwa marehemu mwenyewe ndiye aliyenichagua, akaniambia nisifiche kitu.

Gherasim Todea alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 hapa Runcu, katika nyumba hii hii, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa hayati Nicodim Todea, mchunga kondoo, na hayati Paraschiva. Alisoma shule ya msingi ya Runcu kuanzia mwaka 1958 hadi 1966, ambako mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili ajifunze kuandika kwa wa kulia, na matokeo yake ni mwandiko ambao hadi kufa kwake aliweza kuusoma yeye na mkewe tu. Baada ya hapo alipelekwa mji mkuu wa kaunti kusomea udereva na ufundi wa magari, akahitimu mwezi Juni 1969, akaendesha malori ya magogo, akatumikia jeshi kule Dobrogea kuanzia mwaka 1971 hadi 1972, kisha akarudi kwenye magogo yake.

Tarehe 1 Oktoba 1979 aliajiriwa na idara ya barabara ya kaunti, kituo chake kikiwa karakana ya Câmpu Rece, na mwaka 1984 akakabidhiwa lori la theluji, lile lenye koleo kubwa la chuma mbele, akawa nalo majira ya baridi ishirini na sita mfululizo. Mwaka 1989 serikali ilianguka, bango la mlangoni pa karakana likabadilishwa, wakubwa wakabadilika, lori likabaki lile lile na dereva yule yule. Kwa sisi wa huku juu, kaunti haikuwa jengo lenye bendera kule mjini. Kaunti ilikuwa Gherasim. Akipita, mkate ulifika, barua za pensheni zilifika, daktari alifika, na asipopita, tulikaa na tulichokuwa nacho.

Tarehe 16 Oktoba 1976 alimwoa Lucreția Hanganu wa Câmpu Rece, mama yetu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, Dorina aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1978, ambaye amesafiri kutoka Uhispania na kufika jana, na Horea aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 1981. Mama alizoea kuwaambia wanawake wenzake kisimani, “Miezi saba mume ni wangu, miezi mitano ni wa kaunti, na hiyo saba yangu anailala usingizi,” naye marehemu akisikia alikuwa akijibu, “Lucreția, hata kaunti hainipigii kelele namna hii.”

Sasa nimefika pale nilipowaahidi wageni.

Mama yangu mzazi, Raveca Bocșa wa Pietreni, alikuwa na ugonjwa wa figo, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipelekwa hospitali ya kaunti kusafishwa damu kwa mashine. Theluji ilianza kuanguka Jumamosi tarehe 23 Januari 2010, ikaanguka siku tatu bila kupumzika, barabara zote zikafungwa, mama akaikosa Jumatatu. Jumatano tarehe 27, anga lilikuwa limetulia, lakini uso wake ulikuwa umevimba na pumzi zimekuwa fupi, nami saa moja asubuhi nikapiga simu karakana. Aliyepokea alikuwa Gherasim mwenyewe, ambaye wakati huo nilimfahamu kwa kumwona barabarani tu.

“Mama anahitaji mashine leo, mzee,” nikamwambia. “Leo, si kesho.”

“Mvalishe koti, binti,” akasema. “Saa tano niko mlangoni kwenu. Gari la wagonjwa litakuja nyuma yangu.”

Nikamvalisha koti, nikamfunga kitambaa kichwani, nikamweka kwenye kiti karibu na dirisha.

Kutoka Câmpu Rece kuna njia panda, ya kushoto inakuja Runcu na Pietreni, ya kulia inapanda Măgura, kwenye hoteli ya milimani. Marehemu alikuwa amefika njia panda hiyo saa mbili na robo wakati redio ya gari ilipoita, na aliyeita alikuwa mkubwa wake wa kazi, Injinia Cornel Lupșa. Maneno yao nayajua kwa sababu marehemu aliyaandika siku ile ile, na baadaye akayarudia mbele yangu bila kujipunguzia lawama.

“Gherasim, shika kulia kwanza.”

“Bosi, kushoto kuna mgonjwa wa figo. Nimeshamwahidi.”

“Măgura kuna wageni wa mkuu wa kaunti, wanakula huko mchana. Fungua kulia, ukishuka uende kwa mgonjwa wako. Ni saa mbili tu hizo.”

“Na zikizidi?”

“Wewe ni dereva au daktari? Shika kulia.”

Akashika kulia. Hakuwa mtu wa kugombana na wakubwa, alibakiza miaka michache afikie pensheni, na alijiambia kwamba kweli ni saa mbili tu. Kule juu alikuta theluji imeporomoka kutoka mlimani ikajaza barabara kwa urefu wa nyumba, akaipasua kidogo kidogo, akafika hotelini saa saba na nusu, akakuta wageni hawapo, wameahirisha tangu asubuhi, na hakuna mtu aliyejali kumwambia.

Mama yangu alifariki saa nane kasoro dakika ishirini, akiwa kwenye kile kiti.

Lori liliingia uani kwetu saa kumi na dakika ishirini. Gherasim akashuka, akauona mshumaa wa msiba dirishani, akavua kofia, akasimama katikati ya ua. Mimi nikatoka hadi kizingitini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

“Umechelewa, mzee,” nikasema.

“Nimechelewa,” akasema.

“Mama ameketi na koti tangu asubuhi, kwa kuwa wewe ulisema. Alikuwa ananiuliza, ‘Hilo si lori, Sabina?’ Mara ngapi ameniuliza, unajua?”

 Akachukua sepeto kwenye lori, akaanza kuchimba njia kutoka mlangoni kwetu hadi makaburini kwa mikono, kwa kuwa koleo la lori lisingepita kati ya kuta za mawe, na siku mbili zilizofuata alirudi kuchimba. Mimi sikumpa hata maji.

Wiki moja baadaye aliitwa ofisini. Walikuwa wameandaa taarifa iliyosema kwamba barabara ya Pietreni ilianza kusafishwa saa mbili na nusu asubuhi na kuchelewa kwake kulitokana na nguvu za asili, akatakiwa aandike upya ukurasa wa kitabu cha safari za gari uendane na taarifa hiyo. Injinia Lupșa alimwambia, “Mama wa watu ameshakufa, Gherasim, hatafufuka kwa mwandiko wako. Unajichimbia shimo la nini?” Marehemu akamjibu, “Mimi nilikwenda kulia. Andikeni kwamba nilikwenda kulia.” Akakataa kuandika upya, na nilipopeleka malalamiko yangu kwenye kaunti alikuja kutoa ushahidi kwa hiari yake, akasema mbele ya watu wote kwamba amri ilikuwa ya mkubwa wake na kutii kulikuwa kwake mwenyewe. Malalamiko yalifungwa mwezi Septemba mwaka huo. Uamuzi ulisema nguvu za asili. Injinia alipandishwa cheo akahamia makao makuu, na Gherasim akanyang'anywa lori, akapewa koleo la mkono, azibue mifereji na kujaza mashimo ya barabara, akiwa na miaka hamsini na nane.

Vuli ya mwaka ule alichukua likizo yake yote, akanunua daftari la shule, akatembea nyumba kwa nyumba katika mabonde yetu matatu. Akifika mlangoni alikuwa akiuliza, “Nani humu ndani hawezi kungoja barabara?” Akaandika wenye figo, wenye kisukari, wenye mitungi ya hewa, wajawazito na mwezi wa kujifungua. Alipofika Pietreni kwangu alisimama nje ya lango.

“Hapa sina wa kuandika,” nikamwambia kwa hasira. “Ungekuja mwaka jana.”

“Najua,” akasema. “Nimekuja uone kwamba sijaruka nyumba.”

Orodha hiyo, aliyomwomba mkewe ainakili kwa mwandiko unaosomeka, aliibandika ukutani karakana, ikabanduliwa. Akaibandika tena, ikabanduliwa tena, na kila mara ofisi ikimwandikia barua ya onyo, hata mwaka 2012 alipokuja mkuu mpya wa karakana, Injinia Otilia Marc, aliye hapa nasi leo. Aliikuta ukutani, akauliza ya nani, wakamwelekeza kwa mzee aliyekuwa anazibua mfereji. Akamrudishia lori, na tarehe 14 Oktoba 2013 baraza la kaunti likapitisha kwamba kila karakana iwe na orodha kama hiyo na barabara ya mgonjwa ifunguliwe kabla ya nyingine zote. Katika azimio hilo jina la marehemu halimo, na la mama yangu halimo.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Karakana bado ina lori moja. Februari 2017 wagonjwa wawili waliomba barabara kwa wakati mmoja, mmoja Runcu na mmoja bonde la tatu, Gherasim hakuwepo tena kwani alikuwa amestaafu tarehe 30 Novemba 2016, na wa bonde la tatu, Bwana Ilarie Sav, hakuwahiwa. Marehemu alikwenda mazikoni kwa miguu, akarudi kwa miguu. Pietreni mwaka 2010 ilikuwa na nyumba ishirini na tisa zinazotoa moshi, sasa zimebaki saba, na nasikia kuna watu makao makuu wanaouliza kama inafaa kuendelea kuifungua barabara ya nyumba saba.

Kuhusu mimi na Horea nitasema kwa kifupi. Alikuja kwangu mwaka 2011 kunipasulia kuni, nikadhani katumwa na baba yake, nikamfukuza, akaja tena kwa akili yake mwenyewe. Tulioana tarehe 8 Juni 2013. Siku ya harusi wageni walikuwa wamekaa, supu imepakuliwa, na kiti cha baba wa bwana harusi kiko wazi, naye amesimama karibu na mlango na sahani mkononi kama mhudumu. Mama Lucreția akamwita, akakataa, akisema, “Mimi sikai pale mpaka binti mwenyewe aseme.” Ukumbi mzima ukanitazama. Miaka mitatu na nusu nilikuwa sijawahi hata kumsalimia. Nikasema, “Kaa, baba, supu inapoa.” Akakaa, akala supu yake yote akiwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea humo humo.

Mwezi Machi 2023 alianza kukohoa damu, na hospitali ya kaunti ikagundua saratani ya mapafu. Alitibiwa hadi Novemba, madaktari wakatuambia kwa upole kwamba tumrudishe nyumbani. Majira haya ya baridi jina lake mwenyewe liliwekwa kwenye orodha, namba nne, jambo lililomkasirisha kuliko ugonjwa. “Nifuteni,” akampigia simu Injinia Marc, “Runcu ya chini kuna mwanamke ana mimba ya mapacha, mimi naondoka tu, wale wanakuja.” Injinia akamwambia, “Mzee Gherasim, sheria ni yako, itii.” Alifariki Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake, mkewe akimshika mkono, akiwa na miaka sabini na miwili. Barabara ilikuwa wazi tangu saa moja. Nataka hilo lijulikane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, majirani mliokesha naye na kupika, Padri Simion, Injinia Marc na madereva wa karakana mliotufungulia njia hadi makaburini. Injinia Lupșa ametuletea shada la maua kutoka makao makuu. Tumeliweka pamoja na mengine, kwa kuwa marehemu hakutaka ugomvi nyumbani kwake.

Ni desturi yetu msomaji amwombee marehemu msamaha kwa watu wote. Mwezi Januari aliniita akaniambia, “Siku ile usiniombee kwa jumla jumla, Sabina. Kwa jumla kila mtu anasamehewa. Taja jina.” Basi natii. Gherasim Todea anawaomba msamaha watu wa nyumba ya Raveca Bocșa wa Pietreni, kwa sababu aliahidi saa tano, akafika saa kumi na dakika ishirini.

Nyumba hiyo haina mtu mwingine aliyebaki wa kujibu. Najibu mimi, binti yake. Mungu akusamehe, baba, na mimi nimekusamehe, wewe peke yako kati ya waliohusika, kwa kuwa wewe peke yako uliomba.

Ulale kwa utulivu. Wabebaji, mchukueni.