Pengo Katika Fremu ya Darasa la 1944: Maisha ya Verlin August Rohde

Verlin August Rohde alizaliwa tarehe 2 Novemba 1925, katika shamba la baba yake nje kidogo ya mji wetu wa Tamsen, Nebraska. Alikuwa mtoto wa kwanza na mtoto wa kiume pekee wa marehemu August Rohde na marehemu Hulda. Alibatizwa katika kanisa hili hili. Anayewasomea maneno haya ni mdogo wake, Lavonne, na anaomba asikatizwe, maana mchungaji ameshamshauri mara mbili ayafupishe.

Marehemu alianza masomo katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda, kisha mwaka wa 1940 akajiunga na sekondari ya Tamsen. Septemba 1943 aliingia darasa la mwisho, na haki isemwe: mwaka ule ulianza kwa utamu. Petroli ilikuwa ya mgao, kwa hiyo darasa zima lilikwenda kwenye mechi za mpira kwa mkokoteni wa nyasi, farasi wawili mbele, wasichana na wavulana wamebanana chini ya mablanketi wakiimba, na Verlin ndiye aliyeshika hatamu. Mama alidunduliza sukari ya mgao hadi akaweza kuwaokea keki. Novemba walicheza mchezo wa kuigiza, Verlin akiwa babu kizee, nywele zimepakwa unga wa ngano. Alitembea jukwaani akichechemea hivi kwamba watu walisimama kumpigia makofi. Hawakujua kwamba jioni ile ng'ombe alikuwa amempiga teke la goti. Aliinama, akapokea sifa, akarudi nyumbani anacheka peke yake njia nzima.

Ng'ombe alikuwa akiwakamua yeye kwa sababu Oktoba ile Baba alikuwa ameanguka kutoka juu ya kinu cha upepo, akavunjika nyonga. Verlin alikamua kabla ya shule na baada ya shule, Lavonne akimbebea ndoo.

Wapo vijana hapa wasioijua fremu ile. Kila darasa la sekondari yetu liliacha fremu moja kubwa katika korido, na picha ya kila mhitimu ndani yake, kila mmoja katika kidirisha chake cha duara. Baba zetu na mama zetu walikuwamo. Mtu akifa, watu walikwenda kumtazama pale akiwa kijana. Mwaka ule wa vita, kila mvulana aliyejiandikisha jeshini alibandikiwa nyota ya buluu pembeni mwa picha yake. Ilipofika Februari, wavulana wote walikuwa na nyota isipokuwa Verlin.

Sasa lisemwe lile ambalo halijapata kusemwa. Februari ile Verlin alikwenda mwenyewe mbele ya bodi ya kuandikisha askari ya wilaya. Wazee wa bodi walitazama faili lake, wakamwambia arudi nyumbani, kazi yake ni maziwa, jeshi nalo linakunywa. Aliuliza nani kaamua. Wakamwambia baba yako alikuwa hapa wiki iliyopita. Baba alikuwa amepanda lori la jirani na magongo yake, August Rohde ambaye hakuwahi kumwomba mtu hata msumari, akaenda kuwaomba wamwachie mwanawe, la sivyo shamba linakwenda. Verlin alipomuuliza zizini, Baba alilia. Lavonne alikuwa nyuma ya ndoo zake, na alisikia.

"Basi, Baba," Verlin alisema. "Umekwenda umekwenda. Mimi sijui kitu, wala hakuna atakayejua."

Na hakuna aliyejua. Baba ameshazikwa, Mama ameshazikwa, na leo Verlin yumo sandukuni, kwa hiyo hakuna tena wa kumwonea haya.

Shuleni walikata shauri kwamba amejificha nyuma ya mikia ya ng'ombe. Akipita koridoni, wavulana walilia kama ndama. Jina letu ni la Kijerumani, basi nalo likapata kazi katika kejeli zao. Wasichana waliojifunika naye blanketi moja mkokotenini walihama viti. Mwezi Machi kiranja wa darasa, Duane Ostrander, alitoa hoja kwamba fremu ya darasa la wakati wa vita isiharibiwe na mtu mmoja. Wakapiga kura. Ilikuwa katika kipindi cha uraia, kwa vikaratasi vilivyokunjwa vizuri, mwalimu mwenyewe akivihesabu, na Verlin amekaa pale pale kwenye dawati lake. Picha yake ilitolewa. Kidirisha chake kilizibwa kwa picha ya ndege tai iliyokatwa kwenye kalenda.

Kabla ya kuondoka kwenda vitani, rafiki yake Leland Voss alikuja zizini, akavuta kigoda, akakamua naye ng'ombe wote. Alipoinuka alimwambia, "Kura yangu ilikuwa yako, Verlin. Wewe jua hivyo tu." Leland aliuawa Ubelgiji majira ya baridi yaliyofuata. Mama yake aliletewa maziwa na Verlin kila asubuhi mpaka alipofariki, na hakuwahi kujua kwa nini hakukubaliwa kuyalipia.

Siku ya mahafali, Mei 1944, Verlin alipanda jukwaa lile lile alilochechemea juu yake, akapokea cheti chake. Ukumbi ulinyamaza. Waliopiga makofi ni Mama na Lavonne, na makofi ya watu wawili katika ukumbi uliojaa ni afadhali yasingepigwa.

Marehemu alifanya kazi ya shamba maisha yake yote, na alikuwa mfugaji hodari. Tarehe 9 Juni 1951 alifunga ndoa na Ardith Klemme, aliyekuwa amehamia kutoka wilaya nyingine na hakujua lolote kuhusu fremu. Verlin alisema hiyo ilikuwa nusu ya uzuri wake. Walijaliwa binti wawili, Joyce na Nadine. Aliwaimbia nyimbo za mkokotenini, na walipouliza alikojifunza, aliwaambia kulikuwa na mwaka mmoja mzuri sana.

Kila baada ya miaka mitano ilikuja kadi ya darasa lake ikimkaribisha kwenye chakula cha pamoja, wakumbuke raha za mwaka wao mtamu. Mpigaji husahau. Verlin alizitumia kadi hizo kuwashia jiko. Mwaka wa 1994, ilipotimia miaka hamsini, Ardith alimbembeleza, akavaa suti akaenda. Alisimama koridoni mbele ya fremu. Tai bado alikuwapo, amefifia. Mama mmoja wa darasa lake, aliyewahi kukaa ubavuni pake mkokotenini, alimjia na sahani ya keki akamuuliza kwa upole yeye alimaliza mwaka gani.

"Mimi nimeleta maziwa tu, mama," Verlin alijibu, akachukua kofia yake akarudi nyumbani.

Mapafu yake, yaliyoharibiwa na vumbi la nyasi zilizoota ukungu, yalianza kumsumbua vibaya mwaka 2005. Alilazwa Februari mwaka huu. Hapo ndipo Duane Ostrander alipokuja kumwona. Duane, ambaye vita vyake alivipigana katika ghala la viatu huko Kansas, alitoa mfukoni leso, na ndani ya leso ilikuwamo ile picha. Alikuwa ameitunza muda wote huo. Alisema sasa fremu ziko katika jumba la makumbusho la wilaya, na kesho yake angeirudisha mahali pake.

"Tulikuwa watoto, Verlin," alisema.

"Hata mimi nilikuwa mtoto, Duane."

Duane alilia. Verlin alimwacha alie, kisha akamwambia picha asiirudishe, ampe Lavonne. Pengo walilipigia kura, basi wakae nalo. Alifariki dunia tarehe 9 Machi 2007 alfajiri, saa zake za kukamua, mkono wake ukiwa katika mkono wa Ardith.

Kamati ya darasa la 1944 imeleta shada, na iliomba humu yaandikwe maneno "mwenzetu mpendwa". Familia imepokea shada. Duane yupo benchi la nyuma. Tunamshukuru kwa kuja, na asituombe zaidi ya hapo. Picha mnayoiona juu ya karatasi hii ndiyo ile. Mtazameni vizuri, ana miaka kumi na minane, na pembeni ya kola bado kuna unga wa ngano.

Marehemu ameacha mke, Ardith, mabinti, Joyce na Nadine, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, mbeba ndoo wake.

Apumzike sasa kaka yetu, kwa amani aliyonyimwa. Ng'ombe wamekwisha kukamuliwa.