Bwana Harub, Mikoko na Mbuzi wa Bi Kheiria

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2008, Bwana Harub bin Khalfan anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya hifadhi ya mikoko hapa Qurum, Maskati, kwa miaka ishirini na mbili. Katika muda huo tope la mikokoni limemnyang'anya kandambili nyingi kuliko anavyopenda kukiri mbele ya mkewe, Bi Sayyida.

Aliingia kazini mwaka 1986 akiwa mtunza stoo ya majembe na mipira ya maji. Kazaliwa Tabora, na bahari kaijua ukubwani, alipofika Maskati. Sisi wa Unguja hatukumwacha hata siku moja: tukimwambia kuwa mtu wa bara hajui tofauti ya mkoko na mpera. Yeye akicheka nasi, akitumiminia kahawa, na kesho yake akituuliza jambo jengine kuhusu mikoko. Kwa kuuliza bila ya haya akafika kukabidhiwa kitalu cha miche, na ufunguo wake akaufunga pamoja na wa gari yake.

Mwaka 1994 akaja na fikra ya kualika watu wajitolee. Upande wa hifadhi ulio karibu na wadi, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha, ulikuwa mtupu, hauna hata mkoko mmoja, na yeye alitaka auone kijani kabla hajastaafu. Basi asubuhi za Alkhamisi watu wakaanza kuja: familia nzima nzima kutoka Sib, vijana wa madukani Ruwi, na mabibi waliokunja mabuibui yao wakaingia topeni wakicheka. Na kwa kuwa sisi hatukutani bila ya kula, pilau nayo ikaja. Sufuria zilipangwa pale pale ukingoni. Watu wakipanda, wakila, wakirudi majumbani wameridhika.

Miche ikafa yote. Mwaka wa pili ikafa tena. Hapo kila mtu akawa mtaalamu: huyu kasema chumvi, yule kasema kaa, na mwengine kasema ni macho ya watu. Mkuu wetu wa wakati ule, Ustadh Maan, hakuwa mtu mbaya, lakini naye alikuwa na wakubwa wake wa kuwajibu. Akaona kujitolea huku kunatumalizia miche bure, na akataka kuufunga mpango wote. Bwana Harub akamwomba msimu mmoja tu, akatoa ahadi mbele yetu sote: miche ikifa tena, ufunguo wa kitalu ataurudisha mwenyewe, naye atarudi stoo kwenye majembe yake. Tulimwona kajitia kitanzi.

Jawabu alilipata kwa sababu ya kandambili. Alkhamisi ya mwanzo ya msimu ule, watu wamekwishaondoka, alirudi kuitafuta ya kushoto iliyobaki topeni. Akawakuta mbuzi wa Bi Kheiria, jirani yetu wa nyuma ya hifadhi, wanamalizia mstari wa mwisho wa miche, wametulia kama wageni waalikwa. Maji yakijaa, alama za kwato hufutika, ndiyo maana hatukupata kujua. Na nani aliyewaleta? Sisi wenyewe. Kwetu wali hautupwi, ni dhambi, kwa hivyo kila Alkhamisi mabaki ya pilau tuliwapa mbuzi wale tukihesabu thawabu. Wakishakula wali, wakiteremka topeni kutafuta majani.

Wapo waliotaka watu wa baladia, yaani manispaa, waje wawakamate mbuzi. Bwana Harub alikataa. Akenda kwa Bi Kheiria na sahani ya tende, akanywa kahawa, akamweleza taratibu. Bi Kheiria naye ni mzaliwa wa Unguja, na ulimi anao. Akamjibu: "Mbuzi wangu hawendi pasipo kualikwa, Harub. Nyinyi ndo mliowaalika." Bwana Harub akakubali kosa letu, kisha akamwomba jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: kuanzia wiki ile, pilau iliwe uani kwake, mbali na tope.

Ikawa hivyo, na miche tukaipanda upya. Mbuzi wakabaki nyumbani kungojea wali wao, na Bi Kheiria akawa mpishi na mlinzi wetu bila ya mshahara. Msimu ukaisha, miche imesimama na majani yake. Ustadh Maan alikuja mwenyewe kuitazama, akavua viatu, akaingia topeni na dishdasha yake nyeupe. Alipotoka alimwambia Bwana Harub ule ufunguo akae nao.

Miaka ikapita, mikoko ikatushinda urefu, na kila Alkhamisi watu walizidi. Kisha kikaja kimbunga cha Juni 2007. Wadi iliteremka na magari, milango na mafriji. Bwana Harub, aliyekwama Sib, alitupigia simu na kuulizia mikoko kabla ya kutuulizia sisi. Njia ilipofunguka tulikwenda naye. Taka zilining'inia mpaka juu, lakini mikoko ilikuwa imesimama. Katikati yake, imebanwa na matawi, tuliikuta sufuria kubwa ya pilau ya Bi Kheiria, iliyochukuliwa na maji kutoka uani kwake. Mwenyewe na mbuzi wake, alhamdulillahi, walikuwa salama juu ya dari ya nyumba ya mwanawe. Bwana Harub alikaa kitako kwenye tope akalia kwa furaha, na siku ile hakuna aliyemtania.

Leo pilau ya kumuaga inapikwa katika sufuria hiyo hiyo, na kibonyeo chake cha kimbunga ubavuni. Ufunguo wa kitalu anamkabidhi Bi Aliya, mwenzetu anayeishika kazi yake. Ni ule ule aliokuwa tayari kuurudisha kwa aibu, na leo anautoa kifua mbele, upande wa wadi wote ukiwa kijani kama alivyotaka.

Ahsante, Bwana Harub, kwa kutushika mkono na kututia topeni. Mola akupe afya na umri mrefu wenye raha, wewe na Bi Sayyida, huko nyumbani Sib. Na Alkhamisi usikose kuja, mtu wa bara. Sufuria itakuwa jikoni, na mbuzi wanakungojea uani.