Poti Aliyosahau Kuirudisha

Benchi lenyewe ni refu, mguu mmoja umefungwa waya, limeegemea kibanda cha kinyozi. Asubuhi ile Kibodi, fundi wa programu za hospitali, alikalia ncha yake kama mtu aliyetoka kuzika. Kahawa imempolea mkononi, simu inatetemeka mfukoni, hapokei. Wenzake walimtazama weee, mwisho Honi, dereva mstaafu, uzalendo ukamshinda.

— Kibodi mwanangu, nani kafa?

— Majina, mzee. Majina ya wagonjwa wote. Nimeyafuta.

— Umeyafuta kwa kitu gani?

— Kwa majaribio ya programu. Mashine yetu ina hazina mbili za kumbukumbu, ya kweli na ya majaribio. Kila moja ina poti yake, yaani mlango wenye namba. Kila alfajiri majaribio yanajiendesha yenyewe: yanaingia, yanafagia kila kitu, ndipo yanaanza kazi.

— Si yafagie hukohuko kwa majaribio!

— Jana poti ya majaribio ilishikwa na programu nyingine. Nikaweka namba ya ile ya kweli, nione tu kama inaunganika. Nikasema nitairudisha. Nikasahau.

Kinyozi akazima mashine kichwani mwa mteja.

— Hapo kuna mkono wa mtu. Kuna anayekitaka kiti chako.

— Mtu gani! Mashine zinachoka, akadakia Honi. Lori langu likichoka lilikuwa linasahau njia ya nyumbani.

— Lilisahau lori, au ulisahau wewe? akauliza kinyozi.

— Kwenda huko!

— Mimi nawaambia majina hayo yako hewani, kinyozi akasema. Wapandishe mnara, watayadaka.

Siku nyingine Kibodi angecheka mpaka kahawa imwagike.

— Na nakala ya akiba? akauliza Mama Birika, muuza kahawa.

— Ya mwisho ni ya miezi mitatu nyuma. Na bosi hajajua kuwa ni mimi.

Mwanamke mmoja aliyesimama akingoja kikombe, mgeni pale, kadi ya hospitali mkononi, akasogea.

— Samahanini jamani. Mama yangu anapasuliwa Jumatatu. Wiki iliyopita waliniambia jina lake limeshaingia kwenye kompyuta. Tukifika, watamjua?

Honi akampisha benchini. Mama Birika akainamisha birika, yakadondoka matone mawili, basi.

Simu ikatetemeka tena. Kibodi akaitoa: bosi.

— Dada, mama anaitwa nani?

Mwanamke akalitaja, Kibodi akaliandika kiganjani, taratibu, herufi kwa herufi. Ndipo akapokea.

— Bosi, shikamoo. Niliyefuta ni mimi.