Nani Alishuka Kaburini?

Kijiwe cha Tandika, pale kwa fundi viti, kina benchi moja, birika moja la kahawa na wataalamu wa kila jambo duniani isipokuwa kazi. Jumanne hiyo asubuhi wataalamu walikuwa na kesi moja tu: Badru arudi Kuwait au asirudi? Badru ni fundi viyoyozi. Ameishi jangwani miaka sita, likizo imekwisha, na mkataba mpya wa miaka miwili uko kwenye simu yake unangoja saini kabla ya adhuhuri. Zamani angesaini bila kufikiri. Lakini mama yake alifariki Machi yeye akiwa huko huko, na nyumbani amebaki baba, mzee wa kisukari. Badru ndiye mtoto wao pekee.

Anwar, ambaye watu humwita Satelaiti kwa kupenda habari hata zisizokuwepo, ndiye aliyefungua kikao.

— Rudi, braza! Kule umeme haukatiki. Hata kituo cha basi kina kiyoyozi.

— Na joto je? akadakia Shomari. Huyu wanamwita Daktari kwa kuwa aliwahi kulinda duka la dawa. Joto la kule, alisema, linakausha damu. Ukikaa miaka kumi, damu inakuwa unga unga.

— Acha fiksi wewe! Lile jua dawa. Linaua vijidudu vyote. Ushasikia Mwarabu kaugua malaria?

— We hujui kitu. Lile siyo jua letu hili. Kule wana lao la pili, la viwandani.

— La viwandani?

— Si ndo hapo sasa! Mwulize mwenyewe.

Badru akameza kahawa. Siku nyingine angecheka.

— Jua ni hili hili moja, alisema. Kiangazi, saa tano mpaka saa kumi jioni hamruhusiwi kufanya kazi juani. Kwa hiyo mnapanda mapaani alfajiri. Tunalala sita chumba kimoja, kila mtu na pazia lake. Ukitaka kulia unavuta pazia. Joto unalizoea jamani. Mie habari ya mama niliipata juu ya paa, na bisibisi mkononi. Nikatafuta tiketi, alasiri nikaambiwa ameshazikwa.

Muuza kahawa akamjazia tena kikombe.

— Lakini si alizikwa vizuri? Satelaiti akamshika bega. Sie tulikuwepo. Kijiwe kizima tulikifunga siku ile.

— Tulimzika kama mama yetu mzazi, alisema Daktari. Nenda zako, Badru. Mzee tunaye sie.

Maneno hayo, waliyokwisha kumwambia kwa simu, ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia Badru tangu Machi. Nyuma ya lile pazia lake alikuwa akiwaona hawa hawa wawili wakinyoosha mikono kumpokea mama kaburini, na roho yake ikipoa. Alijiambia kwamba yeye hakuwepo, lakini walikuwepo watu wake. Akatoa simu mfukoni.

Adelard alikuwa amesimama pembeni anangoja kikombe chake. Ni mtu wa Bukoba, karani wa stoo, amepanga chumba kwa baba yake Badru mwaka wa pili huu. Kijiweni huwa hakai.

— Samahani kaka Badru, mie naomba kuuliza. Siku ile nilikwenda makaburini, sema mie Mkristo, nikasimama mbali kwa heshima. Nani kati yenu alishuka kaburini kumpokea mama?

Swali lenyewe hilo tu. Satelaiti akamtazama Daktari. Daktari akaanza kutafuta kitu kwenye kikombe chake.

— Mie nilikuwa huku nyuma, alisema Satelaiti, watu walikuwa wengi bwana...

— Nyuma wapi? Daktari akamkatiza. Si ulikuwa Kibamba wewe!

— Nilikuwa njiani narudi! Na wewe je, uliyebaki hapa eti unalinda viti?

— Jamani, alisema Badru. Nani alishuka?

— Walishuka watatu, alisema Adelard, sasa sauti imemshuka. Mmoja alivaa jezi ya njano. Nikadhani ni ndugu, maana nasikia ndio wanaoshuka.

— Hao wachimba kaburi, muuza kahawa akasema polepole.

Badru aliumia, akaumia vibaya, na hakuwa na pazia la kuvuta. Akalia pale pale mbele za watu. Mama yake alipokewa na watu ambao hakuwajua hata majina.

— Basi baki, braza, Satelaiti akasema kwa aibu.

— Nibaki nifanye nini? Nikae hapa na nyie? Hela ya dawa za mzee inatoka kule kule.

Akajifuta uso kwa kiganja.

— Adelard, nipe namba yako. Mzee akizidiwa, nipigie wewe. Na likitokea la kutokea, usisimame mbali. Sogea karibu, uwaone watakaoshuka, uwaulize majina. Nataka niyajue.

Adelard akaitaja namba taratibu. Badru akaihifadhi, kisha akaufungua mkataba akasaini.