Kathure wa Mithika, Aliyewauliza Watu Kabla ya Kumwomba Mungu

Mama yetu Kathure alizaliwa mwaka 1929 karibu na Githongo, mtoto wa tatu wa mzee Bundi. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la pili, kisha akatolewa kulea wadogo zake. Kusoma Biblia alijifunza baadaye, akiwa na watoto mgongoni.

Mwaka 1949 aliolewa na Mithika, mkulima wa kahawa, aliyemtangulia mwaka 1983. Mungu aliwajalia Kaari, Runji na Kawira. Kwa mikono yake alichuma kahawa, akaibeba hadi kiwandani, na watoto wote wakasoma.

Kila Alhamisi alikuwa na akina mama wa kanisa, wakizunguka nyumba kwa nyumba, kila mmoja akitoa ombi lake. Februari 1991 aliomba mvua, kwa sababu kahawa yake ilikuwa inangoja mvua ichanue. Chai haijaisha vikombeni, mvua ikashuka. Jirani yake, Mama Munene, alikuwa ameanika maharagwe uani.

"Mama Kaari, wewe ukitaka kuomba, uwe unapiga hodi kwa majirani kwanza!"

"Pole, mama. Sikujua umeanika."

"Mungu alijua, na bado akakusikiliza wewe!"

Wenzao walicheka hadi machozi, lakini Kathure hakulichukulia kama mzaha. Tangu siku ile, ombi likimgusa mtu mwingine, alimwendea mtu huyo kwanza.

Novemba 1995 alianza kuumwa tumbo. Alilazwa Meru, na mwezi wa Mei madaktari wakasema arudishwe nyumbani. Kaari, aliyeolewa Embu, alikuja kumuuguza. Alilala chumba kimoja naye, akisikiliza kila pumzi.

Asubuhi moja mama akamwambia, "Kaari, nataka kumwambia Mungu nimechoka. Unaniruhusu?"

"Usiseme hivyo, mama. Sisi tunaomba upone."

"Sasa asikie nani? Mimi navuta huku, wewe unavuta kule."

Kaari alikataa. Akaita wachungaji, akafunga, akachemsha kila dawa aliyoambiwa. Mama hakuomba lile ombi. Aliumia, akangoja.

Mwanzoni mwa Agosti, Kaari akimgeuza kitandani, aliona blanketi limeng'atwa pembeni hadi likatoboka. Mama alikuwa akiziba kilio asimwamshe. Kaari akakaa chini, akamshika mkono.

"Mwambie, mama. Nami nitamwambia."

Wakaomba pamoja kwa Kimeru, maneno machache. Siku zikapita, mama akamtazama kwa jicho moja: "Au umeenda kuomba lingine kwa siri?"

"La, mama!" Kaari akacheka, mara ya kwanza tangu Mei.

Kathure alitutoka Jumatano, tarehe 14 Agosti 1996, asubuhi, Kaari akimpangusa uso.

Ameacha watoto watatu, wakwe, wajukuu kumi na mmoja, dada yake Tabby, na akina mama wa Alhamisi.

Jamaa inawashukuru wote mliokuja kuifariji. Ila msimwambie Kaari kwamba maombi hayakujibiwa. Yeye na mama yake waliomba neno moja, na Mungu amelitoa.

Mama Kathure, pumzika. Amani ya Bwana ikufunike.