Mwalimu Coleta wa Chumba cha Udongo

Baba Padre, wazee wa ukoo, walimu mliofundisha na marehemu, majirani wa Chanji, na ndugu zetu Waislamu mliofunga maduka asubuhi hii kuja kutushika mkono, tumsifu Yesu Kristo, asalaam alaykum, na wakubwa wote shikamooni. Anayewasomea ni mimi, Nestory Dominiko, fundi pikipiki wa Katandala, mdogo wake marehemu. Karatasi hii ilikaguliwa jana na kikao cha ukoo, ikapitishwa kalamu nyekundu sehemu tatu, nami naomba radhi mapema kwa wazee wangu, maana nitaisoma yote, hata palipokatwa, kwa sababu kati yetu hapa kuna mtu mmoja ambaye hajui atakwenda wapi tukitoka makaburini, naye ni mdogo wetu Felisian, yule aliyekaa karibu na jeneza.

Marehemu Coleta Dominiko alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji cha Kate, ambacho leo kiko Wilaya ya Nkasi, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Dominiko na marehemu mama yetu Emerensiana, wakulima wa mahindi, maharage na ulezi. Niliandika kwamba wazazi wetu walijaliwa watoto watano, na kikao kikakata watano, kikaweka wanne. Walijaliwa watano, ndugu zangu, na wa tano ndiye Felisian, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1979, ambaye hasemi, ambaye akili yake haikukua kama yetu, na ambaye alilelewa katika kibanda cha nyuma ya jiko, mlango umefungwa kwa nje, ili wageni wasimwone. Komeo la mlango ule nililipigilia mimi mwaka 1990, nikiwa na miaka kumi na tano, kwa amri ya baba, na nililipigilia vizuri kweli, kwa sababu nilipenda kusifiwa ufundi.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo Kate kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari hadi 1989, akajiunga na chuo cha ualimu, na mwaka 1993 akapangiwa kufundisha Milepa, kule bondeni kwenye joto, ambako alilalamikia mbu mpaka siku ya uhamisho wake kuja Sumbawanga mjini mwaka 1998. Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na marehemu Teodori, fundi seremala, mtu mpole ambaye sijui alimudu vipi ulimi wa dada yangu, nao wakajaliwa mabinti wawili, Jane, ambaye ameolewa Msanzi, na Rhoda, ambaye yuko chuoni Mbeya. Teodori alitutoka tarehe 5 Februari 2018.

Sasa nafika mahali pa pili palipokatwa, na baba mdogo Kalisti, nakuona unavyonitazama, naomba univumilie. Tarehe 19 Agosti 2006 tulimzika baba yetu, na msomaji wa historia yake nilikuwa mimi, nikasoma watoto wanne kwa majina, na kama mjuavyo desturi yetu, kila anayetajwa husimama ili waombolezaji wamfahamu. Siku ile Felisian alikuwa amefunguliwa mlango ili amuage baba yake, akasimama mwishoni bila kutajwa, mikono imenyooka, akisubiri, watu wakimtazama, nami nikakunja karatasi. Mtu mmoja akamshika bega akamkalisha chini. Maziko yalipokwisha Coleta akamvika Felisian sweta lake mwenyewe, akampakia kwenye gari la kurudi mjini, akatuambia kwamba tuligawane shamba sisi, yeye urithi wake ameshauchukua. Kwa hiyo leo natamka mbele yenu, marehemu ameacha wadogo wanne, nao ni Nestory ninayesema, Suzana, Batisti, na Felisian. Felisian, simama, ndugu yangu. Mtazameni. Asanteni, akae.

Huko mjini miaka ya kwanza ilikuwa migumu, Felisian alikuwa akipiga kichwa ukutani hadi damu inatoka, akila chakula kwa kujificha mvunguni, na Teodori alikuwa akimshika usiku na mchana ili asijiumize. Mwaka 2009 marehemu aliomba ruhusa kwa mwajiri wake akaenda Arusha kusomea elimu maalumu, akarudi mwaka 2011 na jambo ambalo sisi tulilicheka, yaani kuwatibu watu kwa rangi na kwa udongo. Mama Hamida, mwenye duka la vitambaa, ambaye binti yake Jasmin ana usonji, alimpa chumba cha nyuma ya duka bure, na tarehe 9 Januari 2012 chumba kile kilifunguliwa na wanafunzi wawili tu, Jasmin na Felisian.

Masharti ya chumba kile yalikuwa machache na makali. Hakuna kumshika mtu mkono ili kumrekebishia kazi yake, hakuna kumwuliza hiki ni nini, hakuna kumsifia cha mwenzake, unakaa pembeni yake, unafinyanga chako, unasubiri. Jasmin alianza kwa rangi moja, nyeusi, miezi mitano mizima. Felisian kwa muda wa miezi minane alikuwa akinyofoa udongo na kuurudisha kwenye ndoo, kisha akaanza kujenga vijumba, vingi, vyote havina mlango. Mimi nilikwenda siku moja kumtembelea, nikachukua kijiti nimtobolee mlango, loh, Coleta alinipiga kofi mkononi mbele ya watoto, akaniambia nitoke nje, nikatoka kweli, mtu mzima mwenye familia. Mlango wa kwanza Felisian aliukata mwenyewe mwezi Juni 2014, na tangu wiki ile hajapiga kichwa ukutani tena. Nilipouona nilikwenda nyuma ya duka nikalia, maana nilijua ni mlango upi.

Maneno hayakukosekana, Sumbawanga yetu mnaijua, ukifinyanga sanamu ya mtu tu umeshaitwa mganga, na mwaka 2015 walikuja watu wakitaka vitu vile vivunjwe. Coleta aliwafungulia, akampa kila mmoja bonge la udongo, akawaambia wakae, na mmoja wao mwaka uliofuata alimleta mwanawe. Hadi anafariki chumba kilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja.

Mwezi Agosti 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa hapa hospitali ya mkoa na baadaye Mbeya, akipata nafuu na kurudiwa tena, akiendelea kufundisha. Tarehe 20 Aprili mwaka huu nilikwenda kumwona, akaniuliza swali moja, kama yeye akiondoka nitamchukua Felisian, nami nikamjibu tutaona, dada, nikasema kuna mteja ananisubiri. Nyote mnaijua tutaona ya mtu mzima, ni hapana iliyovaa koti. Hakuniuliza tena. Alianza kumfundisha Felisian kusonga ugali, huku ameshikilia ukuta kwa udhaifu, kwa sababu hakuwa na uhakika na yeyote kati yetu. Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, alikata roho akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na jibu langu hakulipata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Mbeya, walimu wenzake mliofundisha vipindi vyake bila kulalamika, majirani wa Chanji kwa kuni, maji na mikesha, Mama Hamida ambaye amesema chumba hakifungwi, na wazazi wa wanafunzi wote, na wale wanafunzi mliowaleta leo wakae wapendavyo, hapa hakuna wa kuwanyamazisha.

Mahali pa tatu pa kalamu nyekundu ni mstari wa mwisho ambao kikao kiliuongeza, unasema kwamba Felisian atarudi Kate kukaa na ukoo, na maelezo yaliyotolewa jana ni kwamba kibanda bado kimesimama, kinahitaji bati mbili tu. Rhoda alisimama akasema ataacha chuo amtunze mjomba wake, akaambiwa akae. Baba mdogo, shikamoo tena, heshima yangu kwako iko palepale, lakini mstari huo siutangazi. Asubuhi hii nilimwuliza mke wangu kuhusu Felisian, akanijibu kwamba amesubiri nimwulize tangu mwaka jana, na Rhoda atarudi Mbeya kumaliza masomo yake. Mwenye kupinga aseme sasa, mbele ya Padre na mbele ya jeneza hili, asisubiri kunipigia simu.

Naona kimya. Basi, dada Coleta, uliniuliza Aprili nami nikakukimbia, nisamehe, jibu ni ndiyo. Pumzika kwa amani, Felisian leo analala kwangu.