Moshi wa Wiki Moja

Benchi la nje ya banda la kinyozi lina wenyewe, na asubuhi hiyo walikuwa watatu na birika moja la kahawa. Profesa ndiye kinyozi, anasikiliza redio zaidi kuliko anavyonyoa. Breki ni dereva wa lori aliyestaafu, ila mdomo wake bado uko barabarani. Wa tatu ni Tofali, mchoma matofali, ambaye mkewe alikuwa na siku ya nne hospitalini kwa kubanwa na kifua. Ng'ambo ya njia, ukuta kwa ukuta na nyumba yake, tanuri lilikuwa linafuka moshi mweusi tangu alfajiri. Alikuwa ameliwasha kwa matairi mabovu, maana bei ya kuni haishikiki.

— Ndugu yangu, mkeo kalazwa kwa moshi, nawe unawasha tena? Breki akamjia juu.

— Ndiyo maana nimewasha sasa, hayupo, Tofali akajibu. Daktari kasema masizi hayakai sana angani. Siku chache, wiki hivi, yameshaanguka. Naye amebakiza wiki nzima wodini. Akirudi, hewa safi.

— Hapo daktari kasema kweli, Profesa akadakia. Ila kabla hayajaanguka yananyonya jua, yanatuongezea joto. Na mengine hayafiki hata chini, yanaishia vifuani mwetu.

— Basi achome siku ya mvua, yaoshwe huko huko juu! Breki akasema.

— Matofali mabichi na mvua, Breki? Si yatarudi kuwa tope? Tofali akauliza.

— Basi dunia nzima izime moto wiki moja. Malori, majiko, majaa ya taka. Jumatatu tunaamka na mbingu mpya!

— Gesi ya majaa haiondoki kwa wiki, Profesa akasema. Ile ni miaka kumi na ushee.

— Basi tujenge bomba mpaka mawinguni, moshi ukatokee kwa wengine!

— Na hao wengine wakijenga lao? Profesa akauliza.

Breki akajimiminia kahawa. Tofali hakucheka. Aliona aibu. Miaka kumi na miwili mkewe, mama wa watu, anaanua nguo zenye masizi, anazifua upya, wala hajamnung'unikia.

Mara akatokea shemeji yake, mdogo wa mkewe, anahema kwa mwendo, uso umemchangamka.

— Shemeji, habari njema! Wodi imejaa, na dada kifua kimefunguka kidogo. Wamemruhusu, akapumzike nyumbani. Ananisubiri kwenye geti la hospitali.

Tofali akaligeukia tanuri. Likizimwa katikati, matofali yote yanapasuka. Likiachwa, litawaka siku tatu. Na moshi uliokwisha kutoka, umetoka.

Profesa akainamia kikombe chake. Breki naye akalikodolea macho tanuri.

— Mbona mmepoa hivyo? shemeji akauliza. Nimlete?